Kitufe Kisicho na Jina

"Ma'mdogo, simu imepandisha."

Mtoto wa dada yangu aliniletea habari hiyo barazani, jioni moja ya mwaka 2018, nyumbani kwetu Barabara ya 14, Ngamiani. Simu ya mama yake ilikuwa inaongea yenyewe. Ukiigusa haifungui kitu. Inataja jina la ulichokigusa, kisha inanyamaza kana kwamba inakungoja. Alikuwa ameizima na kuiwasha mara tatu na yule wa ndani bado yumo. Dada akasema kesho iende kwa fundi. Mama, aliyekuwa anaepua mikate ya kumimina, akasema kabla ya fundi isomewe kwanza.

Nikasema, "Nipeni niishike."

Nikapitisha kidole juu ya kioo. Saa. Betri. Ujumbe. Kamera. Nikarudi nyuma: Ujumbe. Nikagusa hapo mara mbili haraka, kwa kubahatisha tu, ikafunguka, ikaanza kumsoma shoga yake dada anayemdai hela ya vitenge. Dada akaja mbio kuninyang'anya. Lakini nilikuwa nimeshasikia cha kunitosha. Kwa miaka sita hapakuwa na neno hata moja lililoandikwa ambalo nililisoma bila kumwomba mtu.

Simu haikwenda kwa fundi wala haikusomewa. Ilikuwa ni TalkBack, programu ya simu za Android iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Huenda ilikuwa imelala ndani ya simu nyingine zilizopita mikononi mwetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Macho yangu yalizimika nikiwa kidato cha tatu, mwaka 2012. Ugonjwa wenyewe mtaani tunauita presha ya macho, na nataka kuueleza kidogo kwa sababu nilipougua hakuna aliyenieleza. Mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo hufa taratibu, mara nyingi bila maumivu, na kwa kawaida uoni huanza kupotea pembeni. Kwa hiyo unaendelea kusoma ubao vizuri huku pembeni kumeshafungwa. Mimi nilianza kujua kupitia baiskeli. Tanga ni mji tambarare, mji wa baiskeli, na baiskeli haina mngurumo. Zilikuwa zinaibuka kutoka pasipokuwa na kitu. "We dada, huoni?" walinipigia kelele, nami nikawa naomba radhi nikidhani ni uzembe wangu. Kilichokwisha kufa kwenye mshipa ule hakirudi. Dawa ya matone na upasuaji hulinda kilichobaki. Nilifika hospitali kikiwa kimebaki kidogo sana. Na ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Kama mama yako, kaka yako au shangazi yako anao, nenda kapimwe presha ya macho wiki hii, hata kama unaona vizuri kabisa.

Mtihani wa kidato cha nne nilisomewa na kuandikiwa. Kwenye jiometri, aliyekuwa ananisomea alinieleza mchoro hivi: "Kuna pembetatu, halafu kuna kamstari kanapita." Hakuwa na nia mbaya, na mimi sikujua la kumuuliza. Matokeo hayakunifikisha kidato cha tano. Shule yangu inaishia hapo. Sina stashahada, sina shahada, na cheti nilichonacho hakionyeshi kitu chochote ambacho mwajiri angekitafuta.

Kwa miaka iliyofuata dunia yangu ilikuwa Ngamiani, na nataka kuisifu. Kwa asiyeona, mtaa wenye barabara za namba ni neema. Barabara zimenyooka, zimepangwa kuanzia ya 1 hadi ya 21, na ukijua uliko huhitaji kuona kibao. Unahesabu njia panda. Kutoka kwetu kwenda kwa fundi cherehani wangu Barabara ya 9 ni kuvuka tano. Najua ya 12 kwa harufu ya kahawa na najua ya 11 kwa mashine ya kukoboa. Fimbo yangu nyeupe ilinifundisha mji upya, na kwa sehemu kubwa ulikuwa mji mwema.

Kilichonishinda ni mitaro. Mtaro ulio wazi hauna namba wala harufu ya kuaminika. Mwaka 2014 niliingia kwenye mmoja, nikavunjika kifundo cha mkono. Nimeusemea kwa waliopaswa kusikia, zaidi ya mara moja, na nikiandika haya bado uko wazi. Nauzunguka.

Huu mtaro nautaja kwa sababu. Watu husema nina ulemavu kama wanavyosema nina shati, kitu ninachokivaa kutoka nyumbani hadi nyumbani. Mimi naona vingine. Jikoni kwa mama, ninakojua kila kijiko kilipo, sijisikii mlemavu hata kidogo. Ulemavu unanisubiri mtaroni. Unanisubiri kwenye fomu ya karatasi, kwenye daladala ambayo konda wake hatangazi kituo, kwenye kaunta ya benki. Na nilipoingia kwenye kompyuta niliukuta huko pia, ila huko umekaa kwenye kitu ambacho mikono yangu inakifikia. Mtaro siwezi kuuziba. Kitufe kisicho na jina naweza kukipa jina.

Nieleze kitufe hicho, maana maisha yangu yote ya kazi yametoka hapo.

Wengi hudhani kisoma skrini, yaani programu kama ile TalkBack, hutazama kioo kama jicho. Sivyo. Kinasoma maelezo yaliyo nyuma ya kioo, yale aliyoyaandika mtengenezaji wa ukurasa. Akiandika kwamba hiki ni kichwa cha habari, nitaambiwa ni kichwa. Akiweka picha bila maelezo, nitaambiwa kuna picha, basi, au nisomewe jina la faili lenye tarakimu ishirini. Sasa chukua kile kidude cha kutafuta, chenye mchoro wa kioo cha kukuzia. Anayeona anaelewa papo hapo. Mimi, kama mtengenezaji hakuandika neno, nasikia: "Kitufe." Nasogea mbele: "Kitufe." Tena: "Kitufe." Kimoja kinatafuta, kimoja kinafuta kila kitu, kimoja kinalipa. Ni kama kuingizwa kwenye duka la dawa ambalo chupa zote hazina lebo.

Na jina ni mstari mmoja. Wakati mwingine ni neno moja.

Shirika la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa zaidi. Mwaka 2024 asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa ya ufikivu, yaani yanayowazuia watu wenye ulemavu kuzitumia, ambayo mashine inaweza kuyagundua yenyewe: picha zisizo na maelezo, fomu zisizo na lebo, viunga (linki) vitupu, vitufe vitupu. Wataalamu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa kuepuka makosa haya Mei 1999. Mimi nilikuwa na miaka mitano.

Lakini nimeruka mbele. Kompyuta yenyewe ilitoka kwenye mchezo wa mama. Wanawake 12 wa mtaani, kila mmoja elfu thelathini kwa mwezi, na zamu ya mama iliangukia Machi 2019. Fedha ile ilikuwa ya bati. Mama akainunulia kompyuta mpakato iliyotumika, na kwenye kikao kilichofuata cha mchezo akaulizwa mbele ya wote, kompyuta ya nini kwa mtu asiyeona kioo chake? Akajibu, "Na redio mnaionea wapi?" Bati tulilibadilisha mwaka 2022.

Kwenye kompyuta nilihitaji kisoma skrini kingine, na vile vya kununua vilikuwa vinauzwa kwa mamia ya dola. Kijana aliyeniuzia mashine ndiye aliyenitafutia NVDA. Haina bei. Faili lake wakati huo halikuwa kubwa, bando la siku lililipakua. Nimeitumia kila siku tangu hapo, lakini ilinichukua karibu mwaka mzima kujua imetoka wapi, na siku niliyojua nilikaa kimya muda mrefu. Iliandikwa na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh. Curran aliianza mwaka 2006 kwa Python, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, kwa sababu bei ya zile nyingine ilikuwa inawafungia watu nje. Wote wawili hawaoni.

Nilikuwa nimeshasikia vipofu ni waalimu, wanamuziki, wanasheria. Sikuwa nimesikia kwamba kipofu anaweza kuandika ile programu yenyewe inayomsomea. Fimbo yangu alinitengenezea mtu anayeona. Hii walijitengenezea wenyewe, kisha wakaiacha wazi ili yeyote asome msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha programu, mstari kwa mstari. Nikaufungua. Sikuelewa chochote. Lakini niliusikia wote, kuanzia juu, kwa siku tatu, kama mtu anayesikiliza hutuba kwa lugha anayotaka kuijua.

Kujifunza kulikuwa kugumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila mtu aliniambia nitazame video. Kwenye video mwalimu anasema, "Bonyeza hapa, kisha andika hivi, mnaona imebadilika." Saa nzima ya hapa na hivi. Niliacha video zote nikahamia kwenye maandishi, na nawashauri wenzangu wasioona wafanye hivyo bila kuona aibu. Kurasa za MDN, tovuti ya maelezo ya kutengeneza tovuti, zimepangwa kwa vichwa safi: nabonyeza H naruka kichwa hadi kichwa, K kwa viunga, B kwa vitufe. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Kilikua humo humo, kwa kusikia neno moja mara mia mpaka linizoee.

Sauti niliianza polepole. Sasa inakwenda kwa kasi ambayo mama huita nyuki. Msimbo nausikia na alama zake zote, mabano na nukta mkato, na NVDA naweza kuiamuru inipigie mlio kuonyesha mstari umeingia ndani kiasi gani. Mlio unapanda kadiri mstari unavyosogea ndani. Kwenye Python, ambako nafasi moja iliyozidi inavunja programu, nasikia kosa kabla sijajua ni kosa gani. Hapo humkumbuka baba. Alikuwa fundi wa korona kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, mashine ile inayokwangua jani mpaka nyama yote itoke zibaki singa. Alikuwa anasimama nje ya kiwanda, anaegemea baiskeli yake, anasema beringi ya upande ule haifiki Ijumaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anabahatisha. Alifariki kabla macho yangu hayajaharibika, na ni sasa tu, nikiwa na vipokea sauti masikioni, ndipo naelewa alichokuwa anafanya pale nje.

Kazi ya kwanza haikuwa kazi. Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa natumia programu huria moja ya kutunza kumbukumbu, na ilikuwa na vitufe vinne visivyo na majina. Nikawaandikia watengenezaji. Mmoja akajibu kwa adabu: ahsante, hatuna mtu wa kulishughulikia, unaweza kuturekebishia? Nilisoma sentensi ile mara nyingi. Sijui kama alijua anamwandikia nani. Nilitumia wiki mbili kwa marekebisho ambayo leo ni ya dakika kumi: kutafuta faili, kuelewa Git (chombo cha kutunza na kutuma mabadiliko ya msimbo), kuongeza aria-label nne (maneno yanayokipa kitufe jina), kutuma. Siku ya tisa baada ya kutuma wakayapokea. Jina langu likaingia kwenye orodha ya waliochangia, na nilipoifungua programu upya ikaniambia: Tafuta. Hifadhi. Shiriki. Futa.

Hawakuuliza nilisoma chuo gani. Badiliko lilisomwa, likajaribiwa, likafaa.

Sisemi shahada haina maana, na sipendi watu wanaowaambia vijana hivyo huku watoto wao wako chuoni. Aliyesoma alipewa kwa mpangilio vitu ambavyo mimi niliokota njiani, vingine nimechelewa kuviokota, na mashimo yapo hadi leo. Hesabu za nyuma ya mambo mengi sizijui. Nimewahi kuandika kitu kilichofanya kazi vizuri kwa watu kumi kikakwama kwa watu elfu moja, na mwenzangu mwenye shahada akaona tatizo kwa dakika mbili. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha. Kilichokuwa kinaniuma siyo kukosa elimu ile, maana elimu naweza kuifuata. Ni kile kisanduku kwenye fomu za maombi kinachosema chagua kiwango cha elimu, kinachoanzia shahada, ambacho usipokijaza fomu haiendi. Nimekwama kwenye visanduku vya namna hiyo mara nyingi kuliko kwenye mitaro.

Na kuna mlango mwingine. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Niliisoma sheria hiyo mwenyewe, kwa NVDA, nikafurahi, nikavaa gauni zuri, nikaenda na barua yangu kwenye ofisi moja hapa mjini. Mlinzi wa getini alinisikiliza nusu, akanishika mkono kwa huruma, akaniwekea shilingi mia tano kiganjani. Nilimrudishia. Nikamwambia nimeleta barua ya kazi. Akaipokea, na hadithi ya barua ile inaishia mikononi mwake. Simlaumu yule baba, alitoa alichokuwa nacho. Nasema tu kwamba sheria ilikuwa imeandikwa miaka tisa nyuma na ilikuwa bado haijafika getini.

Malipo ya kwanza yalikuja 2021, dola 40, kwa kukagua tovuti ya mtu aliyeona marekebisho yangu kwenye ile programu. Halafu yakaja mengine kidogo kidogo. Kilichobadilisha mambo kabisa kilitoka mbali. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya ufikivu, ikawapa wafanyabiashara hadi Juni 28, 2025 kuhakikisha maduka ya mtandaoni, huduma za benki, vitabu vya kielektroniki na vingine vingi vinatumika na watu wenye ulemavu. Tarehe ilipoanza kukaribia, kampuni zikaanza kutafuta watu wanaojua tatizo lilipo. Mwaka 2023 kampuni moja ndogo ya Uholanzi ikanipa mkataba wa miezi mitatu. Niko nayo hadi leo. Kwa mara ya kwanza kile nilichoambiwa kinanizuia kilikuwa ndicho kinachotafutwa. Siigizi kutumia kisoma skrini, sina njia nyingine ya kutumia kompyuta.

Kabla ya hao niliwahi kushindwa usaili ambao naukumbuka zaidi ya mafanikio yote. Sikuwa nimewaambia kwamba sioni, kwa kuogopa. Wakanipa swali kwenye ubao wa kuchora pamoja mtandaoni, na ule ubao kwa NVDA ulikuwa kimya kitupu. Nilikaa dakika kumi na moja natafuta pa kuandika huku wananisubiri. Mmoja akasema, kwa upole, kwamba labda sijajiandaa. Nikashukuru nikakata simu. Tangu siku hiyo naandika mapema, kwenye barua ya kwanza: natumia NVDA, nitumieni swali kwa maandishi, nitafanya kwenye kihariri changu na mtasikia ninachosikia. Sielezi ugonjwa. Naeleza vyombo vyangu vya kazi, kama fundi anavyosema anakuja na misumeno yake. Wako ambao baada ya barua hiyo hawakujibu tena, na ni afadhali nijue siku ya kwanza.

Kwa kijana anayefikiria njia hii, nimwambie na yale ambayo hayapigiwi picha. Mkataba wangu hauna likizo ya uzazi wala bima. Michango ya NSSF najilipia. Saa tatu asubuhi ya Uholanzi ni saa nne yetu wakati wa kiangazi chao na saa tano wakati wa baridi, na mwaka wa kwanza nilifika kwenye mkutano saa nzima kabla kwa sababu hakuna aliyenikumbusha kwamba wenzetu hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika kusini mwa Afrika, intaneti ikawa kama maji ya mgao, na nilimaliza ripoti moja kwa kuituma vipande vipande usiku wa manane. Umeme ukikatika nina faida moja: mwanga wa kioo nauzima kabisa, sihitaji, na betri inakwenda muda mrefu. Katika ule mgao mrefu, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, nilikuwa nafanya kazi sebuleni kwenye giza nene. Mama aliwahi kuamka akaniwashia mshumaa, akauweka mezani pangu, akarudi kulala. Sikuuzima.

Benki ilikuwa vita vyake. Njia moja maarufu ya malipo ya mtandaoni ilinikubalia kutuma fedha kutoka Tanzania, kupokea haikunikubalia, kwa hiyo ilibidi nifungue akaunti ya kupokea fedha za nje. Nikaenda na mama. Binti wa kaunta akamwambia mama, "Anataka nini?" Mama akamjibu, "Muulize mwenyewe, mwanangu, ulimi anao." Akauliza tena kupitia kwa mama: anaweza kusaini? Nikasaini. Akasema saini ya pili haifanani na ya kwanza, basi niweke dole gumba na niwe na shahidi kila nitakapotoa fedha. Kila nitakapotoa. Fedha niliyoipata kwa kazi yangu, nimwite mtu aje aitazame nikiitoa. Nilikaa kwenye kile kiti nikakataa kuondoka, bila kupandisha sauti, mpaka akaja mkubwa wake. Tulikubaliana nitumie simu na kadi. Saini yangu niliifanyia mazoezi mwezi mzima, nikiwa nimeweka rula chini ya mkono, na sasa zinafanana. Sikupaswa kufanya vile, lakini nilifanya.

Vijana wa kwetu husema Tanga waja leo waondoka leo, na wengi niliosoma nao wameondoka kweli, wako Dar es Salaam. Mimi nimebaki Barabara ya 14. Asubuhi nanunua maharage ya nazi na mahamri kwa jirani, nafungua mashine, naingia Uholanzi. Wenzangu kule hawajawahi kuisikia Ngamiani, lakini mmoja huniuliza kila Jumatatu adhana anayoisikia nyuma yangu ni ya msikiti uleule.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka sasa, na ndilo ninalolipenda kuliko kazi ya kulipwa.

Kila ukurasa wa mtandao unatakiwa useme, kwenye mistari ya juu isiyoonekana, umeandikwa kwa lugha gani. Ni herufi mbili tu. Kisoma skrini kikizikuta kinabadilisha sauti. Sasa tovuti zetu nyingi za Kiswahili zimejengwa juu ya violezo vya Kiingereza, na aliyejenga hakuzigusa herufi zile: zimeandikwa en. Kwa hiyo NVDA inakuja na ulimi wa Kiingereza na kulishika neno letu kama mtu anayetafuna kokoto. "Wananchi" inavunjika. "Ng'ombe" haitambuliki kabisa. Kwa miaka nimesoma habari za nchi yangu kwa sauti ya mgeni, na nimejifunza kutafsiri ule mvurugo kichwani, kama mtu anayesoma kupitia kitambaa.

Wakati sauti ya Kiswahili ipo. Imo ndani ya eSpeak, sauti inayokuja na NVDA. Si nzuri, ni ya bati, lakini inajua kwamba a ni a. Inangoja tu kuitwa.

Nimekuwa nikiwaandikia wenye tovuti, mmoja mmoja. Nawaandikia kwa heshima, nawaeleza mstari uko wapi, nawaambia badala ya en andika sw, naambatanisha sauti ya dakika moja wasikie ninachosikia. Wengi hawajibu. Wawili walidhani nataka kuwauzia kitu. Tovuti moja ya habari ninayoipenda niliiandikia mara tatu, nikakata tamaa, nikaacha.

Mwezi uliopita, asubuhi, niliifungua kama kawaida, na sauti ikabadilika. Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikaipunguza kasi, nikaipunguza tena mpaka ikawa ya mtu wa kawaida, nikachomoa vipokea sauti ili itoke nje. Ilikuwa inasoma habari ya bei ya mahindi.

Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo?"

"Ni yuleyule wa kila siku, mama. Nyuki."

Akasimama akisikiliza mpaka habari ikaisha.

"Mbona leo namwelewa?" akasema. "Mwambie arudie."